Vipisi vya sabuni vya mama

Mwezi uliopita mama yangu alikuja mjini kututembelea. Siku ya tatu niliingia bafuni, nikakuta dirishani vipisi sita vya sabuni vimepangwa juu ya kifuniko cha kopo, vyembamba kama kucha. Nikavikusanya, nikavitupa. Jioni mama akaviulizia. Nikamjibu kwa wepesi, "Mama, sabuni zimejaa dukani hapo chini." Hakugomba. Alisema tu, "Hukusimama foleni wewe, mwanangu," akaenda kulala mapema.

Maneno yale yalinikosesha usingizi. Kazi yangu ni kuwauliza watu habari zao, lakini hii ya nyumbani kwetu nilikuwa sijaiuliza.

Basi tukumbushane. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Vita tulishinda mwaka 1979, lakini viligharimu fedha nyingi, na wakati huo huo bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda. Viwanda vyetu vikakosa fedha za kigeni za kununulia malighafi na vipuri. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na khanga vikawa bidhaa adimu. Kidogo kilichopatikana kiligawiwa kwa foleni, na aliyechelewa alirudi na kikapu kitupu. Wapo waliofua kwa majani ya mpapai.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako dhidi ya walanguzi, wale walioitwa wahujumu uchumi. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili, 1984. Katika bajeti ya mwaka huo Serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na rafu za maduka zikaanza kujaa tena.

Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa mgongoni, siikumbuki foleni. Nilichokikuta nilipopata akili ni mazoea yake. Nyumbani kwetu mche wa sabuni haukutumiwa siku uliponunuliwa. Mama aliukata vipande kwa uzi, akavipanga juu ya kabati, vimeachana ili upepo upite, vikakaa hapo wiki kadhaa. Sabuni mpya ina maji ndani yake. Maji hayo yakikauka inakuwa ngumu, na iliyo ngumu haiyeyuki upesi.

Kipande cha kuogea kilikaa juu ya dodoki kuukuu ili maji yachuruzike. Aliyekiacha kwenye dimbwi mpaka kikageuka uji, jirani wote walijua siku hiyo kwamba kakosa. Kipisi kilichobaki kilibandikwa, vyote vikiwa vibichi, mgongoni mwa kipande kipya, vikakauka pamoja vikawa kimoja.

Kwa miaka mingi niliyaita mambo hayo ubahili. Kumbe kaka zangu walikaguliwa usafi mstarini shuleni, sabuni iwepo isiwepo. Mama aliyeamka alfajiri kuwahi foleni alikuwa akilinda heshima ya watoto wake, wasiaibike mbele ya wenzao. Kipande kilichodumu siku tatu zaidi kilikuwa siku tatu za kutoaibika.

Ndugu msikilizaji, habari za vita na bajeti zimeandikwa. Lakini namna mama mmoja alivyoivuka miaka ile na kipande cha sabuni haimo katika jalada lolote. Imo mikononi mwake, naye akiondoka huondoka nayo. Mimi nilikuwa nimeikuta dirishani, nikaitupa jalalani.

Kesho yake nilimwomba radhi. Nikanunua mche, tukakaa ukumbini kuukata kwa uzi. Mwanangu wa miaka tisa akauliza kwa nini tusiuogee leo leo. Bibi yake akamsogezea kigoda, akamwambia, "Kaa hapa, mjukuu wangu. Hiyo ni habari ndefu." Nami nilikaa kusikiliza, maana nilikuwa sijawahi kuisikia.

Kama nyumbani kwako yupo mzee anayeweka vipisi vya sabuni, makopo matupu au vipande vya kamba, usivitupe kabla hujamuuliza.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.