Maua ya tofali Nachingwea, maua ya mawe Kilwa

Test zimeisha, sasa niwape kitu kinachonizunguka kichwani tangu nirudi mazoezi ya kufundisha kule Nachingwea na Ruangwa: maua. Si ya bustanini, ya ukutani.

Pita mitaa ya Nachingwea utayaona. Juu ya mlango au kwenye ukuta wa baraza kuna yale matofali yenye matundu, tofali za maua. Mchanga na saruji vinashindiliwa kwenye kalibu, linatoka ua lenye petali nne. Dirishani kuna grili, vyuma vimekunjwa vikawa majani halafu vikachomelewa. Na hata tundu likiwa la pembe nne tu, fundi bado anasema ni ua! Kwetu urembo wote ni maua, iwe kitambaa, iwe sahani. Tena tofali lenyewe lina kazi: linapitisha hewa, maana chini ya bati mwezi wa kumi na moja ni moto.

Darasani tukigusa majengo ya kale tunakimbilia Kilwa, ambayo iko mkoa huu huu wa Lindi. Ni haki yake. Husuni Kubwa ni ya mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Mafundi walichonga matumbawe yakiwa mabichi, yametoka baharini, kwa sababu yakikauka yanakuwa magumu. Lakini kinachonimaliza kabisa ni msikiti wa Kizimkazi, Unguja. Maandishi yake ya mwaka 1107 ni ya Kikufi cha maua: ncha za herufi zinachipua majani. Msikitini huweki picha ya mtu wala mnyama, basi herufi yenyewe ikageuka mmea.

Halafu kuna milango ya Zanzibar yenye yungiyungi. Waongoza watalii watakwambia ua lile ni alama ya uzazi. Mimi naona maelezo hayo yamekaa kibiashara. Ua lile lina ukoo India, kwenye mahekalu ya Wahindu na Wajaini, likafika huku pamoja na mafundi wa Gujarat, na likakaa kwenye mlango wa tajiri Mwislamu bila ugomvi wowote.

Nachingwea haina matumbawe. Mji ulipanuka kwa mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufutwa 1951. Reli ya kutoka Mtwara nayo ikafungwa miaka ya 1960. Mradi ule ulitaka karanga, haukuja kupamba nyumba ya mtu. Maua ninayoyasema wameyaweka wenyeji wenyewe, kila mmoja mwaka korosho ilipomlipa. La Kilwa alilipia sultani, hili kalipia mkulima kwa magunia yake. Sioni kwa nini la pili lisiitwe historia.

Sasa nyumba mpya, hasa Ruangwa, ni alumini na vioo vya kusukuma, na grili zimenyooka kama rula. Mzee mmoja aliniambia tofali zake kaziziba kwa plasta kwa sababu ya mbu na popo. Hapo utabishana nini? Malaria si mchezo. Ila magofu ya Kilwa na Songo Mnara yapo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1981, na hizi zinazibwa bila hata kuchorwa.

Basi nikawapa kidato cha pili kazi: kila mtu achore ua la kwao na aulize nani alilitengeneza, mwaka gani. Wengi walirudi na jibu la "mwaka babu alipouza korosho". Binti mmoja akaleta ua la petali saba, akasema kalibu alichonga babu yake na mpaka leo iko uvunguni. Nikaomba nikaione. Ni ya mbao, imefungwa kwa misumari minne, na kwenye pembe moja bado ina saruji kavu.