404 ya Baba

Mwaka 1963 ni magari 7 tu yaliyomaliza mbio za Safari Afrika Mashariki. Mshindi: Peugeot 404. Ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Vitabu vinawakumbuka madereva. Mafundi je?

404 ya marehemu baba imelala uani miaka 20, kuku wanatagia ndani. Kaka zangu wanasema tuwape jamaa wa vyuma chakavu, waipime kwa kilo. Juzi mzee fundi wa mtaani kafungua injini. Kumbe kila silinda ni bomba linalochomolewa na kuwekwa jipya, palepale chini ya mwembe! Gari la namna hiyo halikuogopa njia zisizo na karakana. Historia hiyo, ndugu msomaji, inasomwa kwa spana. Siuzi.