Khabari za Redio na Mlima Wetu

Jimbo letu la Arusha lilipozaliwa mwaka 1963, likampata Askofu Dennis Durning kuwa wa kwanza, khabari nyingi za Kanisa zilikwenda kwa miguu ya makatekista. Hata mwaka 1996 Radio Maria ikaanza kusema huko Songea, ikaenea nchini mlingoti baada ya mlingoti. Redio hii haipokei matangazo ya biashara. Huishi kwa sadaka za wasikilizaji, na wengi waitumikiao hawapati mshahara.

Walakini, msomaji, ifahamu tabia ya mawimbi ya FM: huenda moja kwa moja kama mwanga, wala hayazunguki mlima. Meru wetu umepita mita 4,500. Sauti itokayo upande mmoja haiwafikii vema walio nyuma yake. Ndipo hutakiwa mtambo mwingine mahali palipoinuka, uipokee sauti na kuirusha tena. Kuusimamisha, naona, si kazi kubwa, maana siku ya kuubariki watu hujaa na vikapu vya sadaka hujaa. Kazi ni mwaka wa tano: umeme wadaiwa, radi imepiga, betri zimekufa, wala hapana sherehe ya kuwakusanya watu.