Mchakamchaka wa Bujumbura: Kukimbia Pamoja Nyakati za Masharti

[Muziki wa kipindi, kisha unashuka polepole]

MTANGAZAJI:  

Juzi nilikuwa bombani kuchota maji. Kijana mmoja akanisimamisha, akasema: "Kaka mtangazaji, sisi tukikimbia wawili asubuhi hakuna anayetuuliza. Tukifika kumi na watano tunaitwa kujieleza. Kukimbia kuna kosa gani?" Nilimwambia nitamjibu redioni, kwa sababu jibu lake ni refu, na sehemu kubwa iko Bujumbura.

Waliokulia Bujumbura wanaijua sauti ile. Ni mwisho wa wiki, jua bado halijatokeza juu ya vilima. Kwanza unasikia filimbi, halafu makofi, halafu wimbo. Kundi la watu ishirini, hamsini, hata mia, linapita barabarani kwa hatua moja. Huyu ana raba nzuri, yule ana viatu vya kuazima. Wanapandisha kilima cha Vugizo, kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, kisha wanashuka huku Ziwa Tanganyika likiwa mbele yao. Kwa Kirundi tunaita siporo. Waliosoma Tanzania watasema mchakamchaka. Mimi nilikuwa mtoto Buyenzi, na mama hakuhitaji saa ya kutuamsha. Siporo ikipita, tumeamka.

Desturi hiyo ilipata nguvu miaka ya vita. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na baada ya hapo mitaa ya Bujumbura ikagawanyika kikabila. Kijana wa Kamenge hakuweza kupita Ngagara, na wa Ngagara hakukanyaga Kamenge. Ukitembea peke yako ulikuwa hatarini. Ukiwa ndani ya kundi linaloimba, kuna watu waliokuona ukitoka na watakaojua kama hukurudi. Basi watu walikimbia pamoja, wakaisahau bunduki kwa saa moja. Huko Kamenge kulikuwa pia na kituo cha vijana, Centre Jeunes Kamenge, kilichoanzishwa na mapadri Waxaveri. Watoto wa mitaa iliyokuwa ikipigana walikutana pale kwa michezo na masomo. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood.

Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyotupa bingwa. Tarehe 25 Julai 1996 jeshi lilipindua serikali Bujumbura. Siku tisa baadaye, tarehe 3 Agosti, Vénuste Niyongabo alishinda mita 5,000 katika Olimpiki ya Atlanta, Marekani. Ilikuwa mara ya kwanza Burundi kushiriki Olimpiki, na ile ilikuwa medali yake ya kwanza, tena ya dhahabu. Mbio zake alizozizoea zilikuwa mita 1,500, lakini nafasi hiyo alimwachia mwenzake Dieudonné Kwizera. Nchi iliyokuwa ikigombea kila kiti, mkimbiaji mmoja alimpisha mwenzake.

[Muziki mfupi]

Sasa tufike kwenye swali la kijana wetu.

Jumamosi ya tarehe 8 Machi 2014, wafuasi wa chama cha upinzani cha MSD walikusanyika Bujumbura kwa ajili ya siporo. Polisi waliona hayo ni maandamano bila kibali. Kukatokea mapambano, watu wakaumia, na polisi wawili wakashikiliwa ndani ya ofisi ya chama. Kabla mwezi haujaisha, mahakama ilikuwa imewahukumu watu 21 kifungo cha maisha. Baada ya hapo kukimbia kwa makundi mitaani kukapigwa marufuku. Vikundi vikatakiwa kufanyia mazoezi katika viwanja na bustani zilizotajwa na serikali. Na rais wa wakati huo, Pierre Nkurunziza, yeye mwenyewe alisomea elimu ya viungo na aliwahi kuifundisha. Aliijua siporo kuliko wengi. Huenda ndiyo sababu alijua pia kwamba watu wanaoweza kukimbia kwa hatua moja wanaweza kufanya mengine kwa hatua moja.

Mwaka uliofuata, 2015, wengi wetu tulikimbia kwa namna nyingine. Sitaeleza. Unayesikiliza unajua ulibeba nini na uliacha nini.

Halafu ikaja korona. Burundi ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza tarehe 31 Machi 2020. Uwanja wa ndege ulifungwa, lakini watu hawakufungiwa majumbani. Mwanzoni mwa Aprili, wakati ligi karibu zote duniani zimesimama, mpira Burundi ulikuwa bado unachezwa. Mashabiki walinawa mikono na kupimwa joto mlangoni, wakaingia. Kampeni za uchaguzi wa tarehe 20 Mei zilijaza viwanja. Angalia hapo, msikilizaji. Mji uleule uliokataza kundi la watu kukimbia barabarani wakati hakuna ugonjwa, uliruhusu maelfu kubanana wakati ugonjwa umefika. Rais Nkurunziza alifariki tarehe 8 Juni. Aliyemfuata, Évariste Ndayishimiye, alisema mwisho wa mwezi ule kwamba korona ndiyo adui mkubwa wa nchi. Bei ya sabuni ikashushwa, na Julai vipimo vikaanza Bujumbura.

Majirani walishika njia nyingine. Rwanda ilifunga watu majumbani kuanzia Machi. Uganda ilikataza kukimbia nje mwezi Aprili, na Rais Museveni, mzee wa miaka 75, akajirekodi akikimbia na kupiga pushapu ndani ya ofisi yake ili watu waige. Marekani, mbio za Boston zilifutwa kwa mara ya kwanza katika historia yake. Septemba kila mkimbiaji akaambiwa akimbie kilomita zake 42 alipo, kwa saa yake, kisha atume muda wake. Mbio hazikufa. Watu walitenganishwa barabarani, wakahesabiwa pamoja.

Na sisi kambini? Unakumbuka duara za chokaa kwenye mstari wa mgao, na ndoo za kunawia mlangoni kwa kila ofisi. Mazoezi ya pamoja yalisimama, na ilikuwa haki, kwa sababu nyumba zetu zimebanana na wazee wetu wangeumia kwanza. Lakini maeneo mengine chokaa imefutika zamani, na hofu ya kundi imebaki.

Basi kijana wangu, jibu langu ni hili. Kukimbia hakuna kosa. Ila historia imewafundisha watu wazima kuliogopa kundi, wengine kwa sababu ya ugonjwa, wengine kwa sababu ya siasa, na hofu hizo mbili huvaa nguo moja. Ukikatazwa, usibishane njiani. Nenda na wenzako wawili kwa kiongozi wa mtaa, uliza kwa heshima: Sharti hili linamlinda nani? Litakwisha lini? Tukimbilie wapi wakati tunasubiri? Sharti la afya lina majibu ya maswali hayo. Mkiambiwa uwanjani, nendeni uwanjani. Mkiambiwa watano watano, anzeni watano watano, kila kundi dakika zake, na muandike muda wa kila mtu kwenye daftari moja. Msiimbe nyimbo za chama chochote. Na mzee akiomba kujiunga, mpisheni mbele awapangie mwendo.

Nikisikia filimbi alfajiri, nitajua mmekubaliwa.

 

[Muziki wa kufunga]