Santuri Iliyovuka Mpaka

Msafiri afikaye Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, kwa mara ya kwanza hulakiwa na foleni ya malori, na vijana wabadilishao fedha wenye mabunda ya kwacha na shilingi mikononi, na spika zishindanazo baina ya kibanda na kibanda, hata asitambue upi ni wimbo wa kwetu na upi umetoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Wala si ajabu, kwani katika muziki mpaka huu ulikuwa mlango wazi tangu zamani, na kisa cha bendi ya Sunburst ni shahidi.

Bendi hiyo iliasisiwa Dar es Salaam mwaka 1970, ilhali mnamo Novemba 1969 muziki wa soul ulikuwa umekwisha pigwa marufuku mjini humo kwa dhana kwamba waharibu adabu ya vijana. Zama zile kila bendi ilijitambulisha kwa mtindo wake, Western Jazz kwa Saboso, Morogoro Jazz kwa Sululu, NUTA Jazz kwa Msondo. Sunburst nao wakaja na Kitoto, ambamo soul na roki za ughaibuni zilikutana na rumba na midundo ya ngoma za Kiafrika, gitaa likiwa mikononi mwa Hembi Flory Kongo, mzaliwa wa Zaire, na sauti ikiwa ya James Mpungo. Wako waliouona mchanganyiko huo kuwa ni kuiga wageni. Hao walisahau kwamba rumba yenyewe, waliyoicheza bila haya, ilipitia Kuba.

Ama tatizo lilikuwa santuri. Radio Tanzania ilirekodi nyimbo, lakini nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani, na aghalabu wanamuziki walitegemea Nairobi. Sunburst waligeukia kusini, na mwaka 1976 albamu yao Ave Africa ikatoka Zambia, nchi ambayo vijana wake, wakiongozwa na bendi kama WITCH ya Emmanuel Chanda, aliyejiita Jagari kwa mapenzi ya Mick Jagger, walikuwa wakiyakoroga magitaa ya roki na ngoma za nyumbani mpaka mchuzi huo ukaitwa Zamrock. Mwaka huohuo, mwezi Julai, reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo yapita hapa Tunduma.

Kisha kimya kirefu. Mwaka 2016, ule uliouona mkoa wetu wa Songwe ukimegwa kutoka Mbeya, kampuni ya Strut ya London ilizitoa upya nyimbo za Sunburst za 1973 hadi 1976, nasi tukalazimika kununua Ulaya kilichokuwa chetu.

Juzi nilimpelekea nyimbo hizo kijana awatiliaye madereva wa malori muziki kwenye flashi. Akaongeza sauti, akatega sikio gitaa lilipoanza, akaniuliza, “Mzee, hawa ni wa Lusaka?” Nikamjibu kuwa bendi ni ya Dar es Salaam. Hakusadiki.