Kabla umnunulie mtoto simu, kumbuka tulikotoka

Wasee, kila mtu anauliza mtoto apewe simu akiwa na miaka mingapi. Ukweli ni kwamba Nairobi haijawahi kuamua hilo kwa umri. Iliamua bei, kisha ikaamua shida.

Safaricom na KenCell zilipoanza mwaka 2000, simu ilikuwa ya mzazi mwenye pesa. Wengine walipanga foleni kwa kibanda. 2007 M-Pesa ikageuza simu kuwa pochi. 2009 serikali ikaondoa VAT kwa simu, kabambe zikazidi kutoka Luthuli hadi Kangemi. Machi 2020 korona ikafunga shule. Ghafla mtoto aliyekatazwa simu jana akaambiwa aishike asome. Lakini nyumba nyingi Kawangware simu ni moja tu, na inarudi na mzazi jioni.

Kwa hivyo mimi siulizi miaka. Nauliza: akiambiwa atume pesa kwa namba asiyoijua, atashtuka? Mtu mgeni akimwandikia usiku, atakwambia? Kama bado, mpe kabambe kwanza, na umfunze. Simu ni pochi na pia ni mlango.

Nyinyi mnasemaje?