Linux: Daftari la diski linapopotosha

Mjini Thuwal, kiasi cha kilomita 80 kaskazini ya Jeddah, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mfalme Abdullah kilianza kutumia mwaka 2015 kompyuta kuu iitwayo Shaheen II, yaani kipanga. Ilikuwa na vituo vya hesabu 6,174, na Julai mwaka huo ilishika nafasi ya saba duniani. Mjini Riyadh ilikuwepo SANAM, maana yake nundu ya ngamia, ambayo Novemba 2012 ilitajwa kuwa ya pili duniani kwa kufanya kazi nyingi kwa umeme kidogo. Zote mbili ziliendeshwa na Linux.

Hakuna fundi awezaye kuweka Linux kwa mkono katika mamia ya mashine, hata katika chumba cha kawaida cha seva za benki au hospitali. Majibu yote huandikwa mapema katika faili moja. Kila mashine huwaka, huvuta programu kupitia mtandao, hugawa diski yake na kujiwekea mfumo. Kampuni ya Red Hat huiita njia hiyo Kickstart. Katika Chuo Kikuu cha Cologne, Ujerumani, mradi wa FAI wa namna hiyo ulianza mwaka 1999.

Tatizo hujitokeza karibu na mwisho. Mfumo unaosimamia kazi hukaa katika kumbukumbu ya muda, na diski mpya huwa imepachikwa chini yake, kwa mfano mahali paitwapo /mnt/sysimage. Kisha amri za mwisho huingizwa ndani ya mfumo mpya, ukiwa umefanywa ndio mzizi.

Linux ina madaftari mawili yanayochanganywa mno. Faili ya /etc/fstab hueleza diski zinazopaswa kupachikwa. Faili ya /etc/mtab hueleza zilizopachikwa sasa. Zamani hiyo ya pili ilikuwa faili ya kawaida, ikiandikwa na amri ya kupachika yenyewe. Kwa kuwa amri hiyo ilitolewa nje, daftari la ndani lilibaki tupu. Programu ya kuwashia mashine ilipouliza mzizi uko diski gani, ilikosa jibu. Kosa hilo likiwa katika faili moja ya majibu, huenda mashine mia zikashindwa kuwaka asubuhi.

Wengine walinakili daftari la nje lilivyo. Hilo lilileta uongo wa aina nyingine, kwani ndani ya mfumo mpya hakuna /mnt/sysimage. Ilibidi kiambishi hicho kiondolewe katika kila mstari. Waliozalisha mashine kwa kunakili diski ya mashine moja nao walirithi orodha ya mashine ile ya kwanza.

Dawa bora ni kuacha kuandika. Kerneli, kiini cha Linux, inajua daima kilichopachikwa na hukionyesha katika /proc/self/mounts. Basi /etc/mtab hufanywa kiungo tu cha kuelekeza huko, kama ilivyo katika Red Hat Enterprise Linux tangu toleo la 7 la mwaka 2014. Lakini fundi akisahau kupachika /proc ndani ya mfumo mpya kabla ya amri za mwisho, kiungo hicho hakielekei popote, na daftari huwa tupu kama zamani.